Kikaango cha Mama na Peugeot ya Baba
Posa ya kaka ilipangwa Njombe, Jumamosi moja ya Julai, saa nne asubuhi, na wakwe walishatuma salamu: mkichelewa, mtatozwa faini. Sisi tunakaa Makete. Watu wa Dar es Salaam wakisikia Makete hufikiria viazi tu. Hawajui kwamba mwezi huo majani huamka yamevaa sakitu na betri ya gari huamka imezeeka.

Gari lenyewe ni Peugeot 404, lenye kabureta, choki ya kuvuta kwa mkono na tundu la hendeli kwa mbele. Baba halitaji bila kuongeza kwamba aina hiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mama ana jibu moja: mashindano yale yalikuwa ya Pasaka, si ya Julai.

Alfajiri ile, wajumbe wakiwa sebuleni na suti zao, Baba alivuta choki mpaka mwisho, akakanyaga mafuta pa-pa-pa, akapiga stata. Injini ikaguna. Kwenye baridi oili huwa nzito na betri hupungukiwa nguvu. Kidogo kilichobaki stata hukimeza chote, koili ikalala njaa. Baba akakanyaga tena. Petroli baridi haigeuki mvuke upesi, na kinachowaka ndani ya silinda ni mvuke. Ile ya majimaji iliishia kulowesha plagi, harufu ikatanda mpaka kwa wajumbe.

Baba Mdogo akaleta jiko la mkaa. Zamani alikuwa utingo wa malori ya dizeli, na huko waliwasha moto chini ya injini kupasha oili. Ameshainama nalo, Mama akatoka.

“Shemeji, pua yako inafanya kazi? Hiyo ni petroli. Tunakwenda kuposa au kuzikwa?”

Jiko likarudi. Wakati huohuo kitinda mimba wetu, kwa nia njema kabisa, akamwaga birika la maji ya moto kwenye kioo cha mbele ili kuyeyusha sakitu. Kioo kilipasuka kona hadi kona. Hakuna aliyemkemea, asubuhi ile foleni ya kukemewa ilikuwa ndefu, na watu wazima walikuwa mbele yake.

Ikabaki hendeli. Baba Mdogo akaikumbatia kwa kidole gumba, jambo ambalo fundi yeyote wa zamani atakukataza. Gumba hukaa upande mmoja na vidole vingine, na hendeli huvutwa kwenda juu, ili injini ikirusha nyuma ikuponyoke tu. Ilirusha nyuma. Mkono ulivimba kabla hajamaliza kulaani.

Mama hakuomba ruhusa. Alifunga nyuzi za rangi tofauti kwenye waya za plagi asije akazichanganya, akafungua plagi zote nne, akazifuta, akazipanga kwenye kikaango cha chapati juu ya lile jiko, mbali na gari. Zikipata moto, yeye akafungua kifuniko cha distributa na kukikausha ndani kwa pindo la kanga, maana umeme ukikuta unyevu pale hukimbilia pembeni na plagi haipati kitu. Akarudisha plagi zingali moto, kwa kitambaa, na kusukuma choki ndani.

“Baba, kanyaga mafuta mpaka chini, na mguu utulie hapohapo. Gia ya pili. Ninyi wajumbe, tokeni msukume.”

Wajumbe wakasukuma kwenye mteremko, suti na viatu vikala tope. Likakohoa, likatema moshi mweusi, likawaka. Baba alituambia njiani kwamba 404 ni gari la kuaminika.

Tulifika wakwe wameshakunywa chai ya pili. Faini ilikuwa mbuzi na kreti mbili za soda. Nawe msomaji, kama una gari la kabureta huko nyanda za juu, usiku wa baridi fungua betri ulale nayo ndani, na uweke plagi kavu za akiba. Kikaango nunua kingine. Hicho hakitapika chapati tena.