Kazi Ndogo Hiyo, Mzee

Kutu ni mnafiki. Juu, mashine yangu ya kukatia nyasi inang'aa rangi nyekundu. Ipindue, lile bati linalofunika kisu limeliwa hadi unaona viatu vyako. Hapa Dar upepo wa bahari peke yake unamaliza mageti, sembuse bati linalogandiwa na nyasi mbichi wiki nzima kwa sababu kijana wa bustani anaamini kukwangua hakumo kwenye makubaliano yetu.

Fundi wa kuchomelea aligonga kwa nyundo, akatamka maneno ambayo mafundi huyasema kabla ya kukufilisi: "Kazi ndogo hiyo, mzee."

Akawasha grinda. Bati lililooza lazima likatwe mpaka ufike kwenye chuma kizima, hilo sibishi. Lakini chuma kizima kilikuwa kinarudi nyuma kila alipokisogelea, nikahofu tutakutana nacho kwenye injini. Na juu ya injini, tangi la petroli lilikuwa palepale, cheche zinalirukia.

"Fundi, hilo tangi?"

"Mzee una wasiwasi sana."

Nikalifungua na kuliondoa mwenyewe, na waya wa plagi nikauchomoa.

Vijiti vyake vya kuchomelea vilikuwa vya milimita 3.2, vya mageti. Nikamwomba atafute vya 2.5 na apunguze moto, bati ni jembamba. "Moto ndio unashika, mzee." Akagusa: tundu. Akaziba tundu, yakawa mawili. Akageukia kiraka cha bati la kuezekea, zinki ikafuka moshi mweupe, akadai hela ya maziwa. Moshi ule unaleta homa kweli, ila maziwa yanaenda tumboni na moshi uko kifuani. Nilitoa hela. Nani anabishana na mtu aliyeshika moto, tena kavaa miwani ya jua?

Mwishowe akachomoa pleti ya milimita 3 iliyobaki kwenye geti la mtu. Badala ya kushikiza kidogo huku, kidogo kule, akavuta mshono mmoja mfululizo. Bati likapinda, kisu kikaanza kulikwaruza. Akalinyoosha kwa nyundo ileile. Rangi ya kuzuia kutu akaipaka juu tu, panapoonekana.

Mashine sasa inakata, sikatai. Ila imekuwa nzito, na kijana wa bustani ameomba tumwajiri na kaka yake wa kusukuma.