Espreso ya Mlimani
Espreso ni kahawa inayokamuliwa kwa maji ya nyuzi 90 hadi 96, kwa mgandamizo wa mara 9 hivi ya ule wa hewa, ndani ya sekunde 25 hadi 30. Kwenye miinuko ya Kasulu na Kibondo, magharibi mwa Tanzania, maji huchemka karibu nyuzi 95. Kwa hiyo birika la jiko la mkaa hutoa joto ambalo mashine ya mamilioni hujisifia. Buni ya arabika hukaangwa hadi ipasuke, hutwangwa kinuni, huchujwa. Kinachokosekana ni mgandamizo, na mnywaji: buni safi husafirishwa ng'ambo, mkulima hunywa chai. Mwonjaji bingwa hutaja ladha ya matunda na asali. Mkulima huuliza sukari iko wapi. Wote wako sahihi, ila mmoja tu hulipwa kwa kuonja.