Sifa za Taarifa kwa Vyombo vya Habari

Watu wamezoea kuvisifu vitu vinavyojisifu vyenyewe, kama dhahabu, uzuri na madaraka, wakaviacha bila ya neno la shukrani vile vinavyowapa riziki kila siku. Na miongoni mwa vilivyodhulumiwa kwa namna hiyo, hakuna kinachostahili utetezi kuliko taarifa kwa vyombo vya habari, ile hati ya kurasa mbili ambayo kampuni ya uhusiano wa umma huiandika kwa jasho, mteja huilipia kwa fedha nyingi, na mwandishi wa habari huifuta kabla hajamaliza kukisoma kichwa chake.

Nasaba yake si haba. Tarehe 28 Oktoba 1906 treni ya umeme ilitumbukia majini kutoka darajani karibu na Atlantic City, Marekani, wakafa watu 53. Ivy Lee, aliyepata kuwa mwandishi wa gazeti, aliishauri kampuni ya reli isiufiche msiba, akaandika habari zake na kuwagawia waandishi, na The New York Times likaichapa taarifa hiyo neno kwa neno. Mwaka huohuo aliwaarifu wahariri kwamba kazi yake hufanywa hadharani, na kwamba mhariri anayeona maandishi yake yafaa kupelekwa idara ya matangazo, basi asiyatumie. Hivyo taarifa inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilizaliwa na maafa, ikasema lililotokea, ikasomwa. Wajukuu wake wamesahihisha makosa yote matatu.

Fadhila yake ya kwanza ni ukarimu. Katika kampuni inayokua upesi, ambamo aliyeajiriwa Januari huwa mwalimu wa aliyeajiriwa Machi, na wakaaji hutangulia kufika kabla ya viti, taarifa moja hulisha wengi: kijana huiandika, msimamizi wake hubadili "kubwa" kuwa "adhimu", meneja huirudisha "adhimu" kuwa "kubwa", mwanasheria wa mteja huondoa sentensi pekee iliyokuwa na maana, na mteja mwenyewe, baada ya tafakuri ya siku mbili, huomba nembo ipanuliwe, na saa za wote hao, hata za aliyelirudisha neno mahali pake, huandikwa katika hesabu ya malipo. Hapana jahazi lililopata kuwa na mabaharia wengi hivi kwa shehena haba namna hii.

Fadhila ya pili ni kuwapa ufasaha wasiojaliwa. Mkurugenzi aliye angani, usingizini, kati ya Nairobi na Dubai, hunukuliwa saa ileile akisema kwamba ana furaha isiyo kifani kuzindua huduma ambayo bado hajaelezwa. Maneno yametungwa na kijana aliyemaliza chuo juzi, naye mkurugenzi akiyasoma huyastaajabia, huyakubali kuwa yake, na mwaka ufuatao huyatoa kama wasia mbele ya wafanyakazi.

Fadhila ya tatu, tukufu kuliko zote, ni kuona haya: taarifa haipendi kusomwa. Hupelekwa kwa wahariri mia tatu kwa barua pepe, kisha kijana yuleyule hupiga simu kuuliza kwa taadhima kama imefika, mhariri asiyeifungua hujibu kwamba imefika, na wawili hao huagana kwa amani. Ikitokea bahati gazeti likaichapa pembeni, hupimwa kwa sentimita, zikazidishwa kwa bei ya tangazo, na mteja akakabidhiwa jumla yake kama faida. Ni kweli kwamba mwaka 2010 wataalamu wa fani hii walikutana Barcelona wakatamka kuwa hesabu hiyo si kipimo cha thamani ya kazi yao. Lakini mteja hupenda tarakimu kuliko matamko, na mjukuu wa Ivy Lee hupimwa hata leo kwa rula ya idara ileile ya matangazo aliyoikataa babu yake.

Wapo wakaidi wanaotaka taarifa iwe fupi, ya kweli na yenye habari. Na wafikiri matokeo: yenye habari husomwa, inayosomwa huzua maswali, na maswali humtaka mtu anayeijua biashara ya mteja, na mtu wa namna hiyo hawezi kuhudumia wateja saba kwa siku moja. Alhasili, nawasihi vijana wanaoingia kazini wasiitukane. Kwani siku itakaposomwa kwa makini mpaka mwisho, kampuni italazimika kuwa na jambo la kusema, na jambo la kusema halipatikani kwa kuajiri.