Kali ni Neno Letu: Mhadhara wa Mkuu wa Wakuu

Mabibi na mabwana, wageni waalikwa, na nyinyi wa viti vya nyuma mliovutwa na soda ya bure: aliyesimama mbele yenu ni Mkuu wa Wakuu wa sanaa za mapigano za Ufilipino. Cheo hiki nimejipa mwenyewe, baada ya kushauriana na nafsi yangu, nayo ikaridhia bila kupingwa. Msicheke. Katika mchezo huu mwenye wanafunzi watatu huitwa Mkuu, na wale watatu wakifungua klabu zao, yeye hupanda akawa Mkuu wa Wakuu. Mimi nimeruka tu hatua ya wanafunzi.

Deraya mnayoiona kifuani pangu nimeiunda kwa vifuniko vya sufuria. Kaptura ni kwa sababu ya joto.

Elimu niliichota kwa mpishi wa meli, Mfilipino, ambaye meli yake ilikaa bandarini Mombasa siku tatu. Siku ya kwanza alinipa viazi nimenye. Ya pili, vitunguu. Nilielewa mara moja kwamba ananiandaa.

Tuanze na jina. Mchezo unaitwa Arnis, Eskrima, au Kali. Eskrima ni Kihispania, esgrima, yaani kupigana kwa panga. Arnis nalo limetoka kwenye neno la Kihispania la deraya. Lakini Kali! Sikieni wenyewe: kisu kikali, pilipili kali, mama mkwe mkali. Nimeandika kurasa 40 kuthibitisha kwamba jahazi la Lamu lilipotezwa na dhoruba hadi kisiwa cha Cebu, Ufilipino, likiwa limesheheni vivumishi. Nilipomsomea mpishi, alimaliza kwanza kutafuna, akasema kwao watu husema arnis au eskrima. Hilo la Kali hulisikia zaidi kwa Wamarekani. Hata sheria ya Ufilipino ya mwaka 2009, namba 9850, iliyoufanya uwe mchezo wa taifa, iliutangaza kwa jina la Arnis. Nasubiri waisahihishe.

Silaha ya msingi ni fimbo ya henzirani, kama sentimita 70. Henzirani ina adabu: ikigongwa haivunjiki ikakurushia vijiti machoni, huchambuka nyuzi kama mswaki. Shika mbili, uzipishanishe juu na chini, hiyo ni sinawali, jina lililotokana na ufumaji wa kuta za mianzi. Naona mzee mmoja pale ananong'ona kwamba haya ni kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo. Mzee wangu, shikamoo, na ukae chini.

Sasa falsafa. Mjinga hupiga kichwa. Mwana wa Arnis hupiga mkono ulioshika silaha. Huko ndiko kumng'oa nyoka meno. Tafuta palipo wazi. Mfano ni vita vya kisiwa cha Mactan, tarehe 27 Aprili 1521. Magellan, nahodha wa Wahispania, alishuka na watu wake, maji mapajani, mashua zikabaki mbali kwa sababu ya miamba. Pigafetta, Mtaliano aliyekuwepo na akapona kusimulia, anasema walioruka majini walikuwa 49 na waliowangoja ufukweni walizidi 1500. Wahispania walikuwa na chuma kichwani na kifuani. Watu wa Lapulapu, chifu wa Mactan, wakagundua kwamba miguuni hamna kitu, wakailenga miguu. Mshale wenye sumu ukampata Magellan mguuni. Mwishowe upanga mkubwa ukamkata mguu wa kushoto, akaanguka kifudifudi. Kosa lake? Hakuwa na mshauri kama mimi.

Cebu, ng'ambo tu ya Mactan, ndiko ilikoanzishwa klabu ya Doce Pares mwaka 1932. Mwaka 1952 Venancio Bacon akajitenga, akafundisha uani nyuma ya duka la fundi saa, mtaa wa Balintawak, na mtindo ukachukua jina la mtaa. Mimi ukumbi ninao, mpaka saa kumi.

Kuhusu balisong, kisu cha Batangas chenye mpini uliopasuliwa vipande viwili vinavyokifunika na kukifunua, bandeji hii ya dole gumba ni sehemu ya utafiti. Magobore ya Danao, yaitwayo paltik, tuyaruke. Kuna askari amekaa karibu na mlango.

Afadhali silaha za nyumbani. Kuna mkia wa samaki taa, buntot pagi, unaotundikwa ukutani kumfukuza aswang, zimwi la usiku linalowanyemelea wajawazito. Watu wa pwani mliosoma chuoni mkia wa taa mnaujua, na sikumbuki kama aliyekuwa akifukuzwa alikuwa zimwi. Kuna walis tingting, ambalo ni fagio la chelewa, lenyewe kabisa. Na kuna tsinelas, ndala, ambayo mama wa Kifilipino huivua na kuitupa kwa mwendo mmoja. Nilipomuuliza mpishi nani alimfundisha kukwepa, hakumtaja Mkuu yeyote. Alisema, "Mama."

Nadharia imetosha. Naomba mmoja ajitolee tuonyeshe. Mama, ndiyo, wewe mwenye ndala nyekundu, karibu jukwaani. Usiogope, nipige popote, deraya hii haipenywi na kitu.

Mama, mbona unaitazama miguu yangu?