Saa Nne ya Baharini

Jirani yangu anakwenda Shelisheli kuvua. Si kwa jarife wala dema, bali kwa mshipi wa kurusha, wenye uduvi wa bandia uliosukwa kwa manyoya. Miezi mitatu sasa anaurusha uani kila jioni, na kuku wameshajifunza kulala mapema.

Huko Alphonse, kilomita 400 hivi kutoka Mahé, ataingia maji ya magotini anyemelee samaki mmoja mmoja. Fimbo namba 9 ya bonifishi, namba 12 ya kolekole. Miwani ya kukata mng'ao. Ndoana zote kazibana vijino kwa koleo, samaki asiumie akirudishwa.

"Akirudishwa wapi?" mama mkwe wake akauliza.

Baharini. Wote. Picha, kisha kwaheri.

Bi mkubwa akaitazama fimbo, akalitazama sufuria. "Sasa mwanangu, si ungewapelekea salamu tu?"

Mimi wasiwasi wangu ni saa. Mwongozaji humwelekeza mvuvi kwa uso wa saa: omo ya mashua ni kumi na mbili, mengine hesabu mwenyewe, tena upesi, samaki hangoji. Juzi nikamjaribu pale uani. "Teni okloki!" Jirani, mtoto wa Pangani, akatafsiri kichwani, akapata saa nne, akageukia upande wa pili kabisa, akarusha kwa ufundi wote wa miezi mitatu.

Uduvi ukanasa kanga ya mama mkwe kwenye kamba. Hiyo hakuirudisha nzima.