Mgeni kutoka Sham

Kufuga mnyama anayefanana na panya ndani ya Mji Mkongwe ni kujitafutia maneno. Paka wa mji huu hawahesabiki. Wanalala barazani, wanalala juu ya viti vya vespa, wanalala chini ya meza za wauza samaki Darajani, na kila mmoja anajiona ana fungu lake la mirathi katika kila nyumba. Kunguru nao, wale wa Kihindi walioletwa Unguja miaka ya 1890 wasafishe taka za mji, wamesafisha mpaka mayai na makinda ya ndege wetu, na dirisha likisahauliwa wazi hawapigi hodi. Juu ya hao wapo binadamu. Mimi niliwahofia binadamu zaidi, na mmoja hasa: mavyaa wangu.

Hamsta alitufikia kutoka Paje. Mwalimu mmoja wa kigeni, jirani wa wifi yangu, alimaliza mkataba akarejea kwao, na binti yangu akaachiwa mnyama pamoja na maelekezo ya kurasa kadhaa. Tundu halikuja. Hewa ya chumvi ilikuwa imelila mpaka nyaya zinakatika kwa kuguswa tu, kwa hiyo tukamtia mgeni kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, tukapanda daladala la mjini.

"Dada, pweza huyo?" konda akauliza.

Nikasema hapana, nikageuza uso nitazame minazi. Mama mmoja aliyekumbatia gunia la mwani mkavu hakuridhika. Akamwinamia binti yangu, ambaye bado hajajua kwamba safarini si kila swali hujibiwa.

"Ni hamsta, bibi."

"Hamsta ndiyo nini?"

"Kama panya, lakini mzuri."

Gari lilikuwa limejaa mpaka watu wanapumua kwa zamu. Ghafla tukapata nafasi ya kukaa watu watatu, na hatukusumbuliwa tena mpaka Darajani.

Mavyaa hakupiga kelele. Alikaa kitini, akarekebisha mtandio, akanikumbusha kwamba panya ni miongoni mwa wale watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo la Haram. Kunguru naye yumo humohumo. Nikamweleza kwamba huyu si wa ukoo wa panya wa majumbani, kwamba ana vifuko mashavuni vya kubebea chakula, na kwamba hata mkia hana wa kuhesabika.

"Kauacha wapi?"

Nikaona nitumie silaha kubwa. Nilikuwa nimesoma katika zile karatasi kwamba karibu hamsta wote wa aina hii wanaofugwa duniani wametokana na mama mmoja na watoto wake, waliofukuliwa shambani karibu na mji wa Halab mwaka 1930, katika msafara wa mtaalamu wa wanyama aitwaye Aharoni.

"Halab?" Mavyaa akainua kichwa. "Halab ya Sham?"

"Ya Sham, mama."

Akamtazama upya yule mnyama, aliyekuwa amejikunja kwenye pembe ya ndoo, rangi yake ya kashata ya karanga. Binti yangu alikuwa keshampa jina hilohilo, Kashata.

"Basi muwekeni mahala pa maana," akasema mavyaa. "Mtu katoka Sham mnamweka ndooni?"

Nikaenda kwa fundi. Seremala niliyemwendea mkono wake umezoea milango ya nakshi na masanduku ya watalii, na ni msikivu, ila kila nilipoeleza haja yangu alirudi palepale.

"Kwa hiyo unataka mtego."

"Si mtego, fundi. Tundu."

"La panya. Akiingia asitoke."

"Ndiyo."

"Na ndani kuna chakula."

"Ndiyo. Na gurudumu la kukimbilia."

"Akimbilie wapi?"

"Hapohapo."

Akaweka penseli sikioni, akanitazama kwa muda. "Dada, wa mtegoni afadhali. Yeye anakufa mara moja."

Hata hivyo alilitengeneza, na kwa ukubwa niliotaka, kwani karatasi zilisisitiza kwamba hamsta anahitaji uwanja mpana, sakafu ya kuchimba, na gurudumu lisilompinda mgongo. Maranda ya karakana yake alinipa bure, nikayaacha kwa adabu: vumbi na harufu kali ya mbao vinasumbua mapafu ya viumbe hawa. Tukatumia karatasi nyeupe isiyo na manukato, tukaichana kutwa nzima. Ila fundi ni msanii, na msanii humwachii mlango. Tundu lilikuja na mlango wa Kizanzibari wa mti wa mwembe: nakshi ya mnyororo pembeni, nguzo katikati, na misumari midogo ya shaba imechomoza safu kwa safu. Husimuliwa kwamba huko India misumari ile iliwekwa milangoni tembo wasije wakavunja kwa vichwa. Unguja hatuna tembo, lakini sasa tulikuwa tumejilinda.

Tundu likawekwa ukumbini chini, mahali pa baridi kuliko pote. Nyumba hizi za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyake vimepimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, lakini kuta zilijengwa na watu walioogopa jua. Na jua lilikuwa la kuogopwa. Ilikuwa kaskazi, na hamsta hupendelea nyuzi 20 hadi 24. Zikivuka 30 anaweza kuzidiwa akafa. Feni ilisaidia pale umeme ulipokuwepo. Ulipokatika, mavyaa alianza kusimulia ile miezi mitatu ya giza la 2009 kuingia 2010, wakati kisiwa kizima kilikosa umeme wa kutoka bara, mimi nikawa natoa chupa ya barafu kwenye friji, naizungushia kitambaa, namwekea mgeni aegemee.

"Ile si ya maji ya kunywa?" mume wangu akauliza. Hakujibiwa na yeyote.

Maana mavyaa alikuwa keshahamia upande wa pili kabisa, na hapo ndipo shida ilipoanza. Zile karatasi zilikuwa na amri moja kubwa: mwacheni. Siku za mwanzo asiguswe, asihamishwe, asiamshwe mchana. Upande mmoja wa tundu ufunikwe kanga. Ziwekwe ndani chembe za matandiko yake ya zamani, apate harufu yake mwenyewe. Mkono usimjie kutoka juu, kwani kwa mnyama mdogo wa shambani kinachotoka juu ni mwewe. Sasa mwambie Mzanzibari kwamba mgeni kafika nyumbani kwake na wema mkubwa anaoweza kumfanyia ni kutomsemesha. Nyumba nzima iliona ni utovu wa adabu. Mavyaa alipeleka tende. Alipeleka halua, nikaiwahi mlangoni, kwani kitu cha kunata kikiganda ndani ya vifuko vya mashavu ni balaa. Wakaja majirani kumwangalia mtu wa Sham, na kila aliyekuja aliingiza kidole kati ya nyaya akisema "Karibu, karibu," huku mgeni mwenyewe amejizika chini ya karatasi anatetemeka mpaka karatasi zinatikisika. Ikabidi niseme anaumwa. Hilo likawa kosa la pili la ukarimu, kwani mgonjwa hutembelewa zaidi.

Mume wangu alijaribu kumpandisha hadhi kule Jaws Corner, baada ya kahawa. Aliwaeleza wenzake habari za panya buku wanaofunzwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na jinsi mmoja wao, Magawa, alivyotunukiwa nishani ya dhahabu ya Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Panya buku naye ana vifuko mashavuni. Wazee wakasikiliza kwa heshima, wakaweka dhumna chini, kisha mmoja akauliza, "Na huyu wenu kafichua nini?"

Alikuwa hajafichua kitu, ila Kashata alianza kuzoea kivyakevyake. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakusubiri kupewa. Alichimba usiku kucha, akahamisha chakula chote kutoka bakulini hadi chini ya karatasi, kisha akapanda gurudumu. Fundi alikuwa amelitengeneza kwa bati, na bati huimba. Kirikiri, kirikiri, likisita kidogo, kirikiri tena, mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi jirani yetu wa ukuta kwa ukuta akabisha hodi, mkononi ana mfuko.

"Sabalkheri, shoga yangu," akamwambia mavyaa. "Nimefurahi kusikia mmerudia ushoni."

Mavyaa alikuwa mshonaji zamani, wa kutafutwa. Aliacha macho yalipopungua. Akaapa kwamba hajagusa cherehani miaka na miaka.

"Shoga, saa tisa ya usiku nasikia kwa masikio yangu. Kama ni tenda ya sare, mimi si mtu wa kusema. Nataka gauni moja tu la Idi."

Akaonyeshwa gurudumu. Akalitazama, akamtazama hamsta aliyelala fofofo, akatutazama sisi. Aliondoka na kitambaa chake bila kuamini neno, na kila usiku ukuta ulimthibitishia.

Ramadhani ilipoingia, mambo yakawa mepesi. Mji mzima ukahamia saa za Kashata. Watu walilala mchana, wakaamka magharibi, wakala, wakazurura, wakala tena saa za daku, na kwa mara ya kwanza mnyama yule akawa anaishi na watu wanaoeleweka. Alikuja hadi kwenye nyaya kunusa sambusa. Alichukua mbegu ya boga kiganjani kwa binti yangu. Mimi nilijiambia kazi imekwisha.

Mwembe ni mti laini. Hakugusa hata msumari mmoja. Alipita katikati yake, safu ya tatu kutoka chini, akaacha tundu la mviringo lililokatwa kwa usafi ambao fundi alipoletewa auone alisifu. Tembo angezuilika.

Tuligundua baada ya tarawehe. Kabla sijamzuia, binti yangu alikuwa keshatoka kichochoroni analia na kuita, "Kashata! Kashata!" Saa zile ndiyo saa za kahawa. Mtoto wa kwanza alifika na shilingi zake amezifumbata, anataka za nazi. Wa pili akataka za karanga. Mzee wa nyumba ya kona akapaza sauti kutoka roshanini tumpandishie mbili na tusimsahau na mwenye kahawa. Tulipoeleza kwamba Kashata amekimbia, mzee akasema basi alipiwe aliyemuuzia.

Karatasi zilisema: nyunyiza unga kwenye sakafu, uone nyayo zinaelekea wapi. Nikanyunyiza, ukumbi mzima, mpaka kizingitini. Hilo kwa Unguja linahitaji ujasiri. Hapa ndipo watu walipoamini kwamba chui hawazagai porini ila wanafugwa na wenye mambo yao, wakawindwa kwa imani hiyo pia, na leo chui wa Unguja utakayeonyeshwa kwa urahisi ni yule wa makumbusho aliyejazwa pamba. Ukisema mtu "anafuga," watu husubiri umalizie. Mwanamke anayefuga kitu kisichojulikana, na unga mweupe umwagikao mlangoni usiku wa manane, ni habari kamili. Kulipokucha, wapita njia walikuwa wanakanyaga ukuta wa pili.

Nyayo zilikuwepo, ndogo, nzuri. Zilivuka ukumbi, zikapita chini ya kabati, zikaishia ukutani, kana kwamba mwenyewe kapaa. Tukahamisha magunia ya mchele. Tukafunga milango kwa ajili ya paka, ambao walikuwa wamejipanga barazani bila kualikwa. Usiku huo tuliegesha ndoo yenye mbegu na kibao cha kupandia, na asubuhi mbegu hazikuwemo na hamsta pia hakuwemo.

Jirani akaja tena. Idi ilikuwa imekaribia, na huruma yake kwa msiba wetu haikumzuia kubeba ule mfuko.

"Usiku wa jana hamkushona," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeweka hesabu. "Nikajua mmemaliza za watu. Sasa zamu yangu."

Mavyaa subira ikamwishia. Alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye ile Singer ya miguu iliyofunikwa kitambaa karibu na ukuta, akavuta kitambaa. "Njoo utazame kwa macho yako. Mkanda hauna. Sindano haina. Uzi—" akavuta droo.

Ndani mlikuwa na vipande vya hariri, vya pamba, vya lasi za harusi za watu walio na wajukuu leo, vyote vimechanwa laini na kuviringwa kwa ustadi. Mlikuwa na mchele, mbegu za boga, kokwa ya tende. Katikati, Kashata, amelala chali, mashavu yamejaa.

"Si nilisema?" akanong'ona jirani. "Fundi wenu huyu."

Binti yangu akanyoosha mkono, mavyaa akaupiga kofi jepesi. "Mwacheni. Mmeambiwa asiguswe." Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine nyumbani kutaja zile karatasi. Akachomoa droo nzima taratibu, na matandiko yake na harufu yake, tukaiingiza tunduni kama ilivyo. Fundi akaja kupiga bati juu ya mlango kwa ndani, ananung'unikia nakshi yake. Kashata aliamka magharibi, akatoa pua, akazunguka droo, akarudi ndani. Tangu hapo hatetemeki mtu akipita. Gurudumu tumelipaka mafuta ya nazi.

Jirani aliondoka siku ile, ila mfuko aliuacha juu ya meza ya cherehani, na ndani yake kikaratasi cha vipimo: mabega, kifua, urefu. Chini ameongeza kwamba mikono iwe mirefu, na kwamba hana haraka, mradi liwahi sala ya Idi.