Miles Bado Amefungwa: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Sony Pictures

Kutoka: Watazamaji wa Gitega na Muyinga, Burundi
Kwa: Waheshimiwa Wakuu wa Sony Pictures, Culver City, California, Marekani
Yah: Kijana anayeshikiliwa tangu Juni 2023

Waheshimiwa,

Huku kwetu barua kwa mkubwa huanza na shukrani, hata kama mwandishi amekuja kulalamika. Nasi tutafuata utaratibu.

Tunawashukuru kwa muvi ya kwanza, Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyoingia sinema Desemba 2018. Mwezi huohuo ilitangazwa kwamba Gitega ndiyo itakuwa makao makuu ya kisiasa ya nchi yetu. Miezi miwili baadaye muvi yenu ilikuwa imeshachukua Oscar. Ofisi zetu nyingine bado zinajiandaa kupanda mlima kutoka Bujumbura. Tunalitaja hili ili mjue mnazungumza na watu wa aina gani. Sisi tunajua kwamba kutangazwa ni jambo moja na kufika ni jambo jingine.

Tunawashukuru pia kwa ya pili, Across the Spider-Verse, ya tarehe 2 Juni 2023. Wazee wetu waliozoea kusema katuni ni za watoto walikuja kuwatafuta wajukuu wao chumba cha video, wakasimama mlangoni, na baada ya nusu saa wakaomba kiti. Zile rangi, yule Gwen ambaye ulimwengu wake unabadilika rangi kadiri moyo wake unavyobadilika, yule Hobie aliyechorwa kama karatasi zilizochanwa na kubandikwa ukutani: tunakiri, mlifanya kazi.

Kisha mkatufanyia mlichotufanyia. Miles Morales anakimbia kwenda kumwokoa baba yake. Anatua katika ulimwengu usio wake. Anakutana na Miles mwingine, aliyekulia upande mbaya wa mambo. Anafungwa hajiwezi. Na pale ambapo mtu mwenye huruma angeongeza walau dakika kumi, ninyi mkaandika kwamba itaendelea.

Mnajua kilichotokea huku? Watu hawakuwalaumu ninyi. Walimgeukia mwenye projekta. Wakasema flashi yake ni ndogo, muvi haikuenea. Wakasema amekata mwisho ili kesho atoze kiingilio kingine. Maskini wa Mungu alilazimika kurudisha dakika tano za mwisho, akazirudisha tena, mpaka ikathibitika mbele ya mashahidi kwamba aliyekata si yeye, mmekata ninyi. Hajalipwa fidia mpaka leo. Tunaliweka hili kwenye kumbukumbu.

Sasa tuje kwenye tarehe. Muvi ya tatu mlituambia ingetoka Machi 2024. Mei 2023 waandishi wa Hollywood wakagoma, Julai waigizaji wakawafuata, na mwezi huohuo wa Julai mkaiondoa muvi kwenye kalenda bila kuweka tarehe nyingine. Kwa mgomo hatuna neno. Mtu akidai ujira wake, hata shujaa wa buibui husubiri. Tulisikia pia kwamba wachoraji wa muvi ya pili walilalamikia kufanyishwa kazi kupita kiasi, na kwamba wapatao mia moja waliondoka kabla haijaisha. Hao tunawaombea usingizi mwema. Hatutaki Miles afunguliwe kwa kuwafunga wengine mezani.

Lakini mwaka 2025 mkajitokeza tena na kutangaza tarehe 4 Juni 2027, kisha hata hiyo haikutulia, ikaanza kucheza ndani ya mwezi wake. Kutoka Machi 2024 hadi Juni 2027 ni miaka mitatu na miezi mitatu. Mtoto aliyeiona ya pili akiwa darasa la sita atakuwa ameshamaliza la tisa, amebadilika sauti, na anacheka wanaoangalia katuni. Mteja huyo mmempoteza, na mliyempoteza ndiye aliyelia zaidi.

Tumesikia kwamba nchi nyingine mashabiki walipopata habari ya kuahirishwa walipandwa na hasira. Gitega palikuwa shwari. Wengi wetu tulikuwa kwenye foleni ya mafuta. Mtu aliyeiacha pikipiki yake kwenye foleni jioni, akaenda kulala, akarudi asubuhi na kuikuta imesogea hatua tatu, huyo ratiba ya Hollywood haiwezi kumtisha. Kama mnahitaji wataalamu wa kungoja, wa kuwafundisha wenzao wa Los Angeles na London namna ya kupokea tangazo la kuahirishwa bila kupandisha presha, tupo, na bei zetu zinazungumzika.

Kinachotuuma si kungoja. Mkitoa muvi mnasema inatoka duniani kote. Tumeitazama orodha hiyo ya dunia yote, tukaanza na herufi G, tukaenda M, tukarudia kwa makini. Tulijikuta hatumo. Kumbe mlipotuahirishia, mlituahirishia kitu ambacho hamkuwa mmetupangia. Mwenzetu mmoja wa Muyinga amelieleza vizuri: kufukuzwa harusini ni aibu, lakini kufukuzwa harusi ambayo hukualikwa ni heshima ya aina yake.

Basi mturuhusu tuwaeleze muvi yenu hufikaje, maana inaonekana ninyi wenyewe hamjui. Inapotoka kwenu huenda kwanza kwa wasimulizi. Hawa ni watu wanaokaa mbele ya kompyuta na maikrofoni, wanapunguza sauti za waigizaji wenu ghali, na kuanza kuwaeleza watu kinachoendelea. Iko simulizi ya Kiswahili, inayotoka Tanzania, inayovuka mpaka wa Kobero na kufika Muyinga. Iko ya Kinyarwanda, ile tunayoiita agasobanuye, inayofika Gitega kwa njia zake. Mipaka ya nchi kavu na Rwanda ilifungwa Januari 2024, lakini sauti ya msimulizi haiombwi pasipoti. Matokeo yake ni mgogoro ambao ninyi mmeusababisha: watu wa Muyinga hudai wao huziona muvi kwanza, kwa kuwa wako mpakani, na watu wa Gitega wanauliza haya ni makao makuu ya aina gani ambayo hungoja flashi ije kutoka mkoani ikipitia Karusi.

Na zikikutana zile flashi mbili, ugomvi unaanza upya. Katika ya Muyinga, Hobie anaongea kama kijana wa Kariakoo asiye na nauli. Katika ya Gitega, anaongea kama mtoto wa Nyamirambo, kule Kigali. Kila upande unaapa kwamba wake ndio wa kweli. Sisi tuliosoma kidogo tulisuluhisha kwa kuwaambia kwamba sauti yenyewe ni ya Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London na wazazi wa Uganda; kwa hiyo kijana ni wetu sote, ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kisha akatokea Miguel O'Hara. Juu ya huyo hakuna aliyebishana. Mtu mwenye ofisi kubwa, anayekasirika muda wote, aliyeshika mashine ya taarifa na kuwaambia walio chini yake kwamba mateso yao yamepangwa na hayawezi kubadilishwa kwa sababu mfumo mzima utaanguka: wasimulizi wote wawili walimpa sauti ileile, bila kupatana, na ukumbi ukacheka kicheko kimoja.

Tunajua mtakunja uso na kusema kila msimulizi anaharibu kazi yenu kwa kutunga lake. Waheshimiwa, ninyi wenyewe mlipeleka sinema matoleo zaidi ya moja ya muvi hiyohiyo, yenye maneno yanayotofautiana hapa na pale, na mhariri wenu akakiri. Mkifanya ninyi ni ubunifu. Akifanya kijana wa Kigali au Dar es Salaam anayesomesha wadogo zake kwa koo lake, ni uharamia.

Na kwa kuwa neno hilo limeshatajwa, tulimalize. Ni kweli hatujawalipa. Hata senti. Muvi ya pili iliwaingizia takriban dola milioni 690 duniani, na Gitega na Muyinga hatumo hata kwenye zile senti za mwisho. Lakini mtushitaki kwa kosa gani? Mahakama ipi itamhukumu mtu kwa kukwepa kiingilio cha ukumbi ambao haujajengwa? Kiingilio tumelipa, tena kila mara, kwa mwenye chumba, kwa mafuta ya jenereta, kwa aliyenakili flashi, kwa mama wa karanga pale mlangoni. Ninyi tu ndio hamkuweka mtu wa kukusanya. Leteni tarehe, leteni bei ya watu wanaolipwa kwa faranga za Burundi, kisha mtuone kama ni wezi au ni wateja ambao duka limewafungia.

Mashabiki wakingoja sana hutembea, waheshimiwa, nasi tumeanza. Julai 2023, wakati ninyi mnafuta tarehe, Netflix ilileta Supa Team 4, mabinti wanne wa shule wanaookoa Lusaka, kazi iliyobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia. Zambia si mbali. Ziwa Tanganyika letu linafika mpaka huko. Mwezi huohuo Disney+ ikatoa Kizazi Moto, jina la Kiswahili kabisa, muvi fupi kumi za Waafrika, na mojawapo, ya Mganda Raymond Malinga, ina wachunga ng'ombe wa zama zijazo. Mnaielewa hatari hiyo? Mnashindana na ng'ombe, katika nchi ambayo salamu yenyewe humtakia mtu ng'ombe. Mkichelewa tena, mzee aliyeomba kiti hatarudi kwenu.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu wote, tunaomba mambo manne.

La kwanza: tarehe moja. Hata ikiwa mbali, iwe moja. Msiichezeshe.

La pili: mtazame kalenda ya wengine. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa Kenya, Tanzania na Uganda, Juni na Julai, wenzetu wa Afrika Mashariki. Projekta Muyinga ni hiyohiyo, chumba ni hichohicho, na mwenyewe ameshasema kati ya Miles na mpira atachagua kinachojaza viti. Tarehe yenu imeangukia hapo. Kama mngetuuliza tungewaambia.

La tatu: sauti ya Kiswahili, rasmi, kutoka kwenu. Lugha hii ina siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Wenzenu wa Disney waliichukua tangu 1994, wakawapa simba wao majina kutoka kwetu, kisha wakasajili "Hakuna Matata" kama alama yao ya biashara. Sisi hatuombi kusajiliwa. Tunaomba kuongeleshwa. Na mkitafuta sauti, anzeni na wale wasimulizi: kazi yenu wanaifahamu kuliko wanasheria wenu.

La nne: sekunde kumi. Katika muvi ya pili mlichora Mumbattan, mkachanganya Mumbai na Manhattan, na Wahindi wakafurahi. Mna malimwengu mengi hata mkayapa namba. Tuchoreeni moja lenye vilima. Msiweke simba wala nyasi ndefu, tafadhali. Wekeni barabara ya kutoka Bujumbura kupanda Bugarama, na vijana wa baiskeli waliong'ang'ania nyuma ya lori linalopanda, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani, bila utando, bila kinyago, bila bima. Wachoraji wenu hawatahitaji kutia chumvi. Polisi wetu wanawajua, na watawathibitishia kwamba ni vigumu kuwakamata.

Mkitukubalia haya, nasi tutatimiza upande wetu: tutalipa kiingilio, tutakaa kimya wakati Miles anaongea, na tutamwachia huru mwenye projekta. Mkikataa, msihangaike kutujibu. Mtaitoa muvi yenu mnapotaka, ulimwengu wenu utaiona, na wiki chache baadaye itavuka Kobero ikiwa mfukoni mwa mtu mwenye koti, imesimuliwa vizuri kuliko mlivyoiandika.

Wenu katika foleni,

Watazamaji wa Gitega na Muyinga

Nakala kwa taarifa:
– Miguel O'Hara, ofisini kwake: mfumo haujaanguka, endelea kukasirika.
– Waandaaji wa Kombe la Mataifa ya Afrika 2027: ninyi msiahirishe.
– Mama wa karanga, mlangoni: Juni 2027 kaanga za kutosha, kwa vyovyote watu watakuja, kwa muvi au kwa mpira.
– Mwenye projekta, Muyinga: usifute ya pili kwenye flashi. Wapo watakaokuja kuhakikisha tena kama ni wewe uliyekata.